Shangazi, nitajuaje kama mama anatunzwa kweli kwenye nyumba ya wazee?

Shikamoo Shangazi,

Mi ni mtoto wa kati, kwetu tuko watatu. Mama yetu ana miaka 78, mwaka jana alipata kiharusi kikamwacha upande wa kushoto hauna nguvu, mkono ndo kabisa, mguu anaukokota akishikwa. Kuongea anaongea ila polepole na maneno mengine yanatoka yamelegea. Tulimuuguza nyumbani kwa kupokezana mpaka tukaelemewa, manake wote tunafanya kazi na kumgeuza mtu mzima usiku ni shughuli ya watu wawili, basi tukakubaliana aende nyumba ya wazee. Kaka mkubwa ndo anayelipa sehemu kubwa.

Pale penyewe ukiingia utapapenda, sakafu inang'aa, mapazia masafi, watu wa mapokezi wanakuchangamkia. Siku ya kwanza hata mi nilishusha pumzi. Sasa ni mwezi wa nne na roho yangu haitulii hata kidogo.

Kwanza mama analala mno. Kila nikienda mchana namkuta kwenye kiti kidevu kimeangukia kifuani, nikimwita anafungua macho, ananitambua, anayafumba tena. Huyu ni mama ambaye hata baada ya kiharusi alikuwa anabishana na watangazaji wa redio. Pili amekonda. Alipoingia alikuwa kilo 64, juzi nimewang'ang'aniza wampime tena imekuja 57, nesi akaniambia eti umri huo mwili unapungua wenyewe. Tatu ni kitu kidogo ila ndo kinachoninyima usingizi: nilikuta kikombe cha chai kimejaa mpaka juu, imeshapoa na utando umetanda, kimewekwa kwenye kimeza upande wake wa kushoto. Nikakihamishia kulia nikamweka sawa, akanywa yote bila kupumzika, yani kama mtu aliyetoka jangwani.

Nikimuuliza yeye anasema "niko sawa mwanangu, usiwasumbue watu". Nilipomfuata msimamizi kaniambia siku nyingine nipige simu kwanza kabla sijaja ili "wamwandae". Kaka anasema natafuta makosa, pale ni pazuri na ana pesa anatoa. Mdogo wangu anataka tumtoe kesho. Mi nipo katikati, sijui hata niangalie nini, si muuguzi. Na naogopa nikisema sana hasira zao zitamwishia mama nikishaondoka.

Nisaidie Shangazi, kuna namna ya kupima huduma ya hawa watu au ni kuamini tu?

Mtoto wa Kati

*

Marahaba mwanangu, pole na uuguzaji.

Namna ya kupima ipo, na wewe umeshaanza kupima bila kujijua. Hicho kikombe usikichukulie kitu kidogo. Mi nimekuwa nesi miaka mingi, sehemu kubwa nikiwa na wazee, na ningeombwa kukagua nyumba ya wazee kwa dakika kumi tu, sakafu nisingeiangalia kabisa, ningeenda moja kwa moja kwenye vimeza vya pembeni ya vitanda kuona vikombe vimekaa wapi na vimejaa kiasi gani.

Ngoja nikueleze kwa nini. Kiharusi kikimlegeza mtu upande wa kushoto, mara nyingi tatizo haliishii kwenye mkono na mguu. Kwa wengi ubongo unakuwa kama umeufuta upande ule, macho yanaona ila akili haitazami huko, kwa hiyo chai ikiwekwa kushoto kwa mama ni sawa na haijaletwa. Sahani nayo hivohivo, anakula nusu ya kulia anaacha ya kushoto, mhudumu anakuja anasema bibi kashiba anaondoa. Siku ya pili hivo, ya tatu hivo, baada ya miezi kilo 7 zimekwenda na kila mtu anasema ni uzee. Kituo kinachomjua mgonjwa wake kinaligundua hili wiki ya kwanza, wanamwekea vitu kulia, wanaizungusha sahani katikati ya mlo, wanamkumbusha ageuze kichwa. Kama miezi minne imepita na hakuna aliyelijua, mwanangu, hakuna aliyekaa kumwangalia mama akila.

Na hizo kilo zisipite hivihivi. Kwenye uuguzi wa wazee kipimo tunachotumia ni hiki, mzee akipoteza asilimia 5 ya uzito wake ndani ya mwezi au asilimia 10 ndani ya miezi 6 bila kukusudia, hiyo ni hatari na lazima daktari atafute sababu. Asilimia 10 ya 64 ni kilo 6 na nukta 4. Mama kashapita hapo na miezi 6 bado. Kwa hiyo ukiambiwa tena ni umri, jibu kwa upole tu kwamba umri haukati kilo 7 kwa miezi minne, unaomba daktari amwone na unaomba apimwe kila wiki, namba ziandikwe, uzione. Waulize pia kama alishapimwa kumeza, manake kiharusi kinaharibu kumeza na wengine wanaogopa kula kwa sababu kila tonge linawapalia. Ukienda wakati wa chakula angalia kakaa wima au kalala nusu, mtu wa namna hii akilishwa amelala chakula kinashukia mapafuni na hapo ndo nimonia inapoanzia. Akimaliza kula mwombe afungue mdomo, chungulia shavu la kushoto kwa ndani. Ukikuta chakula kimejibana pale, na hasa kama ni cha mlo uliopita, basi umepata majibu mawili kwa mpigo, kwamba hamezi vizuri na kwamba hakuna anayemsafisha kinywa. Kama ana meno ya bandia yatoe uyaangalie.

Usingizi sasa. Hapa nataka uwe makini kuliko pengine pote. Mtu aliyekuwa anabishana na redio hawi mtu wa kusinzia mchana kutwa bila sababu, na sababu ziko nyingi, maji kidogo mwilini, maambukizi ya mkojo, sukari, kiharusi kingine kidogo, huzuni, au dawa. Dawa ndo ya kuuliza kwanza kwa sababu jibu lake unaweza kulipata siku hiyohiyo. Omba orodha kamili, jina la kila dawa, dozi, saa anazopewa, nani aliandika na kwa ajili ya nini. Ukiona majina kama haloperidol, risperidone, olanzapine au quetiapine, au za kutuliza na kuleta usingizi za jamii ya diazepam, na mama hajawahi kuwa na ugonjwa wa hizo dawa, uliza kwa nini anazo. Hizo nne za mwanzo ni za magonjwa ya akili, sehemu nyingi duniani wazee wamepewa ili watulie tu wasisumbue zamu. Marekani mamlaka ya dawa ilitoa onyo kali mwaka 2005 kuhusu zile mpya za kundi hilo, na mwaka 2008 ikaongeza za zamani kama haloperidol, kwamba zinaongeza vifo kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau. Sisemi mama anapewa, nasema uliza. Na ukikuta anapewa usizikatishe mwenyewe wala usiwaambie waziache leoleo, nyingine zikikatwa ghafla zinaleta madhara, mpeleke kwa daktari mwingine azipunguze kwa mpango. Ila kusinzia kukibadilika ghafla, ndani ya masaa au siku moja mbili, akaanza kuweweseka, kuona vitu, au kutokujua yuko wapi, hiyo usingoje kikao, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo.

Halafu ngozi. Najua ni mama na kuna heshima, ila we ni binti yake na kama unaona aibu mkague wakati wa kumwogesha, omba umwogeshe wewe siku moja. Kituo kizuri hakitakukatalia, na mara nyingi watafurahi. Angalia mfupa wa chini ya mgongo juu ya makalio, visigino, nyonga, viwiko, mabega, hata nyuma ya kichwa. Vidonda vya kulalia vinaanza pale mfupa unapobanana na kitanda au kiti, na ndani ya masaa tu ngozi inaanza kufa. Vitabu vinasema utaona wekundu usiopotea ukibonyeza kwa kidole, lakini kwa ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani, kwa hiyo usitafute wekundu, tafuta sehemu yenye rangi tofauti na jirani yake, iliyoiva zaidi au yenye kama zambarau, gusa uone kama ina joto kuliko pembeni, kama ni ngumu au imekuwa laini kama tunda lililoiva sana, au kama mama anashtuka ukigusa. Mtu asiyejigeuza anatakiwa kugeuzwa kitandani, mazoea yetu ni kila masaa mawili hivi, na kwenye kiti asiachwe mchana kutwa kalio moja. Huyo mama unayemkuta kidevu kifuani, waulize alikaa saa ngapi na atanyanyuliwa saa ngapi. Wakibabaika, jibu ndo hilo.

Suala la kupiga simu kwanza mi limeniudhi, nakuambia ukweli. Ustaarabu upo, saa za kuoga na za kulala watu waheshimiwe, lakini mtoto kuambiwa mama "aandaliwe" ndo aonekane, hapana. Usipige. Nenda saa ambazo hawakutarajii na hasa zile ambazo mabosi hawapo: jioni chakula kikiwa mezani, Jumapili, asubuhi na mapema zamu zikibadilishana. Usiende kama askari, beba kitu cha kumsomea mama, kaa kimya kama saa zima, acha macho yafanye kazi. Kengele ikilia mtu anakuja baada ya muda gani. Wakimwingia mama chumbani wanagonga, wanamsalimia, wanamwambia wanachotaka kumfanyia, au wanamgeuza kama gunia huku wanaongea wao kwa wao? Wanajua jina lake au kila mtu ni "bibi"? Harufu nayo inasema, harufu ya mkojo ikitokea chumba kimoja ikaondoka ni mambo ya kawaida ya binadamu, ila ikishaingia kwenye magodoro na korido nzima asubuhi na jioni, hapo watu wanaachwa na pampasi zilizolowa masaa.

Na usimwangalie mama peke yake. Mtafute mzee asiye na mgeni, yule asiyeweza kusema, aliyelala chumba cha mwisho, pita mlangoni kwake umsalimie. Angalia kucha zake, midomo yake kama imekauka na kupasuka, miwani na kifaa chake cha kusikia kama amevaa au viko kwenye droo. Mama ana wewe unayeng'ang'ania mizani, yule hana mtu, kwa hiyo anachopata yeye ndo huduma halisi ya pale, na ndo atakachopata mama siku utakayoumwa ukashindwa kwenda.

Kuhusu wahudumu nakuomba uwe na huruma na uwe mkali kwa pamoja. Shirika la Afya Duniani linasema tafiti zilipowauliza wafanyakazi wenyewe wa vituo vya wazee, wawili kati ya watatu walikiri kwamba ndani ya mwaka mmoja walimtendea mzee vibaya kwa namna moja au nyingine, na wengi wao si watu wabaya, ni mtu mmoja kabebeshwa wazee kumi na tano na usiku yuko peke yake, akimlisha mmoja mwingine anajikojolea. Kwa hiyo maswali haya mpelekee msimamizi na si yule dada anayesukuma kiti: usiku wako wangapi kwa wazee wangapi, kuna nesi mwenye leseni au wahudumu tu, wakiugua nani anaziba nafasi, wahudumu wanadumu muda gani. Sura zikibadilika kila mwezi mama kila mara anaanza upya na mtu asiyejua kwamba vitu vyake vikae kulia. Vyeti na tuzo vya ukutani usivibebe sana, hata Marekani ambako serikali tangu 2008 inavipa vituo nyota 1 mpaka 5, sehemu ya taarifa zinazotengeneza hizo nyota inatoka kwa vituo vyenyewe, na bado familia zinaambiwa ziende zikajionee.

Omba pia kuona mpango wake wa huduma, yani ile karatasi inayosema mama huyu anahitaji nini, anageuzwaje, analishwaje, anafanyishwa mazoezi lini. Kama haupo au ni uleule umenakiliwa kwa kila mzee, hilo ni tatizo kubwa. Na ukipata nafasi tupia jicho karatasi ya dawa ya mama, ile inayosainiwa kila akipewa. Ukikuta dawa ya saa mbili usiku imeshasainiwa saa kumi jioni, basi karatasi zote za pale usiziamini.

Hofu ya kulipiza kisasi si ya kijinga, watoto wengi wanayo na ndo maana wengi wananyamaza. Ila kwa nilivoona mimi anayeonewa zaidi ni yule ambaye hana anayemuulizia. Sema, lakini sema kwa kitu kinachoshikika. Usiseme "hamumjali mama", sema tarehe fulani saa fulani nimekuta chai upande asioweza kuufikia, naomba kuanzia leo vitu vyote viwekwe kulia na kiandikwe kibao juu ya kitanda. Baada ya mazungumzo mtumie msimamizi ujumbe wa maandishi, umshukuru kwa muda wake na urudie mliyokubaliana, hapo kumbukumbu ipo bila ugomvi. Uwe na daftari, tarehe, saa, ulichoona, nani ulizungumza naye. Picha piga za mama tu, wazee wengine usiwapige. Na yule mhudumu mmoja anayefanya vizuri, na lazima yupo, mtaje kwa jina mbele ya bosi wake, mshike mkono, huyo ndo atakayekupigia simu siku mama akiwa vibaya.

Tumtoe au tumwache? Mdogo wako namwelewa ila kesho ni haraka mno, mzee dhaifu kuhamishwa ni mshtuko, wengine wanachanganyikiwa, wanaanguka, wanaacha kula, na hamjui mnampeleka wapi. Wapeni wiki tatu au nne mambo ya chakula, kilo, dawa na kugeuzwa yabadilike, huku mkitafuta pengine kimyakimya, na huko pengine mkaende jioni pia. Lakini kuna mambo ambayo hayana wiki tatu. Ukikuta kidonda kilichoshachimbika, michubuko isiyo na maelezo au kila mtu ana maelezo yake, mama kafungwa kwenye kiti au kitanda, anapewa dawa za kulala ambazo hakuna daktari aliyeziandika, anaogopa akimwona mtu fulani, au mnazuiwa kumwona bila sababu, hapo mwondoe, pitia hospitali kwanza aandikiwe kila kitu na daktari, halafu peleka malalamiko kwa mamlaka inayotoa leseni ya hicho kituo. Usione haya, kuna wengine wamebaki mle ndani.

Na mama akisema yuko sawa usiishie hapo. Wazee wengi wanaogopa kuwa mzigo. Usimuulize "uko sawa?", muulize jana usiku ulipotaka kwenda chooni nani alikuja, ulisubiri sana, nani unapenda akuogeshe, nani hupendi. Muulize mkiwa wawili, mlango umefungwa, mpe muda manake maneno yake yanachelewa.

Kaka yako usibishane naye, anaona anachokilipia na hakuna ubaya kujivunia kumtunza mama. Mwombe kitu kimoja tu, Jumapili hii aje saa ya chakula cha jioni, bila simu, akae mkono wa kulia wa mama, amwache ale mwenyewe kwanza, aangalie sahani itabaki vipi upande wa kushoto. Kisha mwende naye pamoja kwa msimamizi, yeye ndo aulize habari ya kilo 57, manake anayelipa huwa anajibiwa haraka. Ila kupimwa uzito na kuiona orodha ya dawa visingoje Jumapili, hivyo fuatilia kesho.

Shangazi